Tangulieni kusimama pale: barua ya wazi kwa wanaopanga alama za barabarani

Kwa wahandisi wa barabara, madiwani, wajumbe wa kamati za usalama barabarani na maofisa wa polisi wa usalama barabarani,

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Nawaandikia juu ya uamuzi unaochukua dakika chache mezani kwenu, lakini ukishatoka unakaa barabarani miaka mingi: makutano fulani yawekewe alama ya kusimama, yawekewe ya kupisha, au yaachwe yalivyo. Kwa mpita njia, alama hiyo ni bati jekundu la pembe nane juu ya nguzo. Kwa dereva ni amri ya sheria kwamba gari lisimame kabisa, hata kama barabara ni nyeupe na hakuna anayekuja. Amri nzito kiasi hicho inadai sababu, na sababu yenyewe inapaswa kupatikana pale pale barabara zinapokutana.

Kinachonisumbua ni kwamba mara nyingi amri hii hutolewa au kunyimwa kwa mambo mawili yaliyo mbali na makutano: hesabu ya ajali iliyomo kwenye faili, na ukali wa malalamiko. Mahali pamoja wakazi wanaambiwa wasubiri kwa kuwa hakuna ajali iliyoripotiwa. Mahali pengine alama inasimikwa haraka kwa kuwa watu wamepiga kelele na uchaguzi unakaribia. Naomba mpange upya maswali yenu. Anzeni na macho ya dereva. Mtu anayetoka barabara ndogo anaona nini, anaanza kukiona akiwa umbali gani, na anabakiwa na muda gani wa kuamua? Hesabu ya ajali ije baada ya hapo. Malalamiko yawe sababu ya kwenda kutazama, yasiwe sababu ya kuweka.

Vigezo vya kitaalamu vipo, na havifungamani na ajali peke yake. Mwongozo wa taifa wa Marekani wa alama na taa za barabarani, unaojulikana kwa kifupi kama MUTCD, katika toleo lake la 2009 uliwataka wahandisi wafikirie alama ya kusimama kwenye barabara ndogo katika hali tatu. Ya kwanza, barabara kubwa inapopitisha magari zaidi ya 6,000 kwa siku. Ya pili, mwonekano unapozibwa kiasi kwamba dereva hawezi kuona vya kutosha magari ya barabara kubwa asiposimama. Ya tatu, ajali 3 au zaidi zinaporipotiwa ndani ya miezi 12, au 5 au zaidi ndani ya miaka 2, za aina ambayo alama hiyo ingeweza kuzuia, kama vile gari la barabara ndogo kugongana ubavuni na lililo kwenye barabara kubwa. Kila hali inajitegemea. Hiyo ya pili haihitaji mtu hata mmoja aumie. Ukuta uliojengwa hadi kwenye kona, kilima kinachoficha magari, mti ulioachwa ukakua: hivyo vinaonekana leo, vinapimika leo, na aliye na jukumu la kuvipima hana cha kungoja.

Tena ajali zinazoripotiwa ni sehemu tu ya yanayotokea. Makutano yenye magari machache yanaweza kukaa muda mrefu bila ajali, si kwa usalama wake bali kwa kuwa magari mawili hayakufika kwa pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wa General Motors walianzisha njia ya kusoma hatari kabla ya ajali: mtazamaji anakaa makutanoni na kuhesabu mara ambazo dereva analazimika kukanyaga breki ghafla au kukwepesha usukani ili asigongane na mwenzake. Njia hiyo imeboreshwa tangu hapo katika nchi kadhaa. Haihitaji mitambo mikubwa. Mtu aliyefundishwa, karatasi na saa vinatosha kuanzia. Wakazi wanaowaambia "hapa tunakoswakoswa kila siku" wanawapa ushahidi wa aina hiyo hiyo, ila haujapangwa. Msiutupe. Tumeni mtu akaupange.

Sasa nije kwenye macho yenyewe, kwa maana hapa ndipo maamuzi mengi hupotoka.

Dereva aliyesimama ukingoni mwa barabara kubwa, akitaka kukata kona kwa kuvuka mkondo ulio karibu naye na kujiunga na ule wa mbali, anahitaji pengo la muda kati ya magari. Vitabu vya usanifu wa barabara vya Marekani hukadiria pengo hilo kuwa sekunde 7.5 kwa gari dogo kwenye barabara ya njia mbili, na sekunde 11.5 kwa lori lenye tela. Vigeuzeni viwango hivyo kuwa mita. Kwenye barabara ambayo magari yanakwenda kilomita 60 kwa saa, gari hupita karibu mita 17 kila sekunde. Basi dereva wa gari dogo lazima aone kiasi cha mita 125, na wa lori lenye tela apate zaidi ya mita 190. Mwendo ukipanda hadi 80, gari dogo linahitaji karibu mita 167. Vitabu hivyo huliweka jicho la dereva mita 1.08 juu ya barabara, na mita 4.4 nyuma ya ukingo wa njia ya magari. Mtu aliyesimama wima kando ya barabara kubwa haoni anachokiona dereva. Anaona zaidi. Kwa hiyo ripoti ya "nimefika, mwonekano ni mzuri", iliyoandikwa na mtu aliyekuwa amesimama kwa miguu yake mbele ya ukingo, haina thamani kwangu. Kaeni kwenye kiti, au chuchumaeni hadi kimo hicho, mkiwa nyuma pale gari linaposubiri. Mfanye hivyo pia wakati magari yameegeshwa kwenye kona, wakati majani yamejaa, na wakati jua la asubuhi au la jioni limelalia barabara.

Hapo hapo ndipo tofauti ya kusimama na kupisha inapojitokeza. Alama ya kupisha, ile pembetatu iliyopinduliwa, inamruhusu dereva aendelee polepole ikiwa njia ni tupu. Inamfaa dereva anayeanza kuiona barabara kubwa pande zote mbili kabla hajafika ukingoni, akiwa bado na nafasi ya kufunga breki. Ukumbuke usanifu wa kawaida humpa dereva sekunde 2.5 za kung'amua na kuanza kutenda, na gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linahitaji takribani mita 65 hadi lisimame. Akiweza kuona mapema, kumlazimisha asimame kila mara ni kumwamuru jambo ambalo macho yake yanamwambia si la lazima. Asipoweza kuona mpaka afike ukingoni kabisa, kupisha hakutoshi. Lazima asimame, kwa sababu kusimama ndiyo njia yake pekee ya kupata muda wa kutazama. Kigezo hiki nakiamini kuliko vyote. Nchini Uingereza makutano mengi ya barabara ndogo na kubwa yanaongozwa kwa alama ya kupisha, na ile ya kusimama huwekwa pale mwonekano ulipo hafifu. Mantiki hiyo dereva anaielewa bila kufundishwa: nimesimamishwa hapa kwa kuwa hapa sioni.

Lakini kuna jambo naona linasahaulika hata na waliosomea. Alama ya kusimama humpa dereva muda, haimpi macho. Kama akisimama pale kwenye mstari bado anaona mita 50 tu, na magari ya barabara kubwa yanakuja kwa kasi inayodai mita 125, mmemsimamisha kisha mkamwachia abahatishe. Atasogeza pua ya gari kidogo kidogo hadi iwe ndani ya njia ya wengine, halafu ataingia kwa imani. Mahali kama hapo bati jekundu ni mwanzo wa kazi tu. Ondoeni kizuizi: kateni vichaka, hamisheni ubao wa matangazo, katazeni kuegesha karibu na kona. Kama kizuizi ni jengo au kilima kisichoondoka, punguzeni mwendo wa barabara kubwa kwa njia inayoonekana kwenye lami yenyewe, maana kubandika namba mpya ya mwendo pekee hakubadilishi kitu. Na kama hilo nalo haliwezekani, ndipo mfikirie mzunguko (makutano ya duara), taa, au kusimamisha pande zote.

Kuna pia makutano yanayodanganya kwa uwazi wake. Tambarare, barabara mbili zimenyooka, hakuna mti wala nyumba, na mtu aliye ofisini anasema alama ya kazi gani wakati kila kitu kinaonekana. Magari mawili yakisogelea makutano ya aina hiyo kutoka pande mbili, kila moja kwa mwendo usiobadilika na yakielekea kufika pamoja, kila dereva humwona mwenzake kwenye pembe ile ile muda wote. Kitu kisichohama machoni hakivuti jicho. Kibaya zaidi, nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele inaweza kukificha kitu hicho tangu mbali hadi sekunde za mwisho, hasa kikiwa chembamba kama baiskeli au pikipiki. Kumfanya mmoja wao asimame, au kuvunja mwendo wake kwa kuipinda barabara kabla ya makutano, kunavunja mpangilio huo wa hatari. Mhandisi aliyekwenda pale akaendesha mwenyewe kutoka kila upande hataandika kwamba uwazi umetosha.

Kuhusu upande upi usimamishwe, mara nyingi jibu ni ule wenye magari machache. Panapokuwa na wingi unaokaribiana, mwongozo niliotaja unatoa ushauri ninaoukubali: simamisheni upande unaogongana zaidi na njia za watoto wa shule na wavukao kwa miguu, au ule ambao mashimo, matuta au mwonekano hafifu tayari vinawapunguzia madereva mwendo, au ule ambao dereva akishasimama ndiko anakowaona wengine vizuri zaidi. Hilo la mwisho linarudi kwenye macho.

Sasa niseme kuhusu ombi mnaloletewa mara nyingi kuliko yote: "Magari yanakimbia mtaani kwetu, tuwekeeni alama ya kusimama." Wanaoomba hivyo wana haki ya kuogopa. Watoto wao wanavuka pale, na wazee wao hawana miguu ya kukimbia. Hofu hiyo msiibeze hata siku moja. Ila dawa wanayoitaja siyo, na ni wajibu wenu kuwaambia ukweli huo uso kwa uso badala ya kuwapa bati ili waondoke. Mwongozo wa Marekani unasema bayana kwamba alama za kusimama na za kupisha zisitumiwe kudhibiti mwendo. Dereva hupunguza mwendo karibu na alama tu, kisha akishaivuka anakanyaga mafuta kufidia muda aliopoteza. Katikati ya mtaa, ambako watoto wanacheza, mwendo unabaki ule ule au unazidi.

Na kuna madhara mengine yanayojificha. Dereva anayesimamishwa kila siku mahali asipoona sababu huanza kupunguza tu bila kusimama, baadaye anapita. Tabia hiyo haibaki pale alipoipatia. Anaibeba hadi kwenye makutano mengine yenye alama ile ile, rangi ile ile, ambako sababu ipo lakini imefichwa na ukuta. Huko nako anapunguza tu. Mtoto anayevuka ameambiwa na mzazi wake kwamba hapa magari husimama, naye anaamini. Hivyo alama mliyoitoa mtaa mmoja ili kutuliza watu inaweza kumfanya mtu wa mtaa mwingine agongwe, na hakuna faili litakaloonyesha uhusiano huo. Kwa sababu hii nawasihi msiitoe kama hisani.

Wapeni wakazi kile kinachopunguza mwendo kweli: matuta yaliyojengwa kwa vipimo, vivuko vilivyoinuliwa, njia ya magari iliyofanywa nyembamba, njia za miguu zilizotengwa, kona zilizobanwa ili gari lisiweze kukata kwa kasi. Ni ghali kuliko bati moja, najua. Lakini mkisema bajeti haitoshi mtakuwa mmesema jambo la kweli ambalo watu wanaweza kulidai mwakani. Mkiweka alama isiyofaa mtakuwa mmelifunga dai lao bila kulijibu.

Mzunguko unastahili kufikiriwa mapema kuliko inavyofanyika. Makutano ya kawaida ya barabara nne yana sehemu 32 ambazo njia za magari hukatana, huungana au huachana. Mzunguko wenye mstari mmoja wa magari una 8. Hakuna mtu anayegongwa ubavuni kwa mwendo mkubwa, na kila anayeingia analazimishwa na umbo la barabara apunguze, awe mtiifu asiwe mtiifu. Mamlaka ya barabara kuu ya Marekani inaeleza kwamba kubadili makutano yanayosimamisha barabara ndogo kuwa mzunguko kumepunguza ajali za vifo na majeruhi kwa asilimia 82. Takwimu hiyo peke yake ingetosha kuufanya mzunguko uwe swali la lazima kila faili la makutano hatari linapofunguliwa.

Kusimamisha pande zote ni jambo la tofauti, na si kila nchi inalitumia. Linafaa pale barabara zote mbili zina magari ya kukaribiana, ili kila dereva aone kwamba zamu yake ya kusubiri ina maana. Toleo lile la 2009 liliweka vizingiti: wastani wa magari yasiyopungua 300 kwa saa kutoka barabara kubwa, pande zote mbili zikijumlishwa, katika saa 8 za siku, na katika saa hizo hizo, magari, waenda kwa miguu na waendesha baiskeli wasiopungua 200 kwa saa, wote wakijumlishwa, kutoka barabara ndogo, huku kila gari la huko likichelewa kwa wastani wa sekunde 30 au zaidi katika saa yenye msongamano mkubwa, au ajali 5 zenye kuzuilika ndani ya miezi 12. Toleo la 11, lililotoka Desemba 2023, limeongeza kipimo cha muda mrefu zaidi: kwa makutano ya barabara nne, ajali 6 ndani ya miezi 36 zinatosha nazo, hata kama hazikukusanyika ndani ya mwaka mmoja. Nimefurahi kuona hivyo, kwani mahali penye ajali mbili kila mwaka palikuwa panaachwa kwa kuwa hakuna mwaka uliofikisha tano. Hata hivyo ni kizingiti cha ajali zilizokwisha kutokea. Kisiwe mlango pekee wa kuingilia.

Angalieni pia kwamba hesabu hiyo inawataja waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Katika kuhesabu kwenu, wahesabiwe kweli. Mashine zinazolazwa barabarani huhesabu magurudumu, na mwanafunzi anayevuka hana magurudumu.

Baada ya uamuzi kuna mambo mawili nayadai kwa nguvu zote.

La kwanza ni sababu iliyoandikwa. Kila makutano mliyoyaamua, iwe kwa kuweka au kukataa, yawe na ukurasa mmoja ulio wazi kwa umma: umbali wa kuona ulipimwa kutoka wapi, tarehe gani, saa ngapi, mwendo halisi wa magari ni upi, si ule ulioandikwa kwenye kibao, nini kilihesabiwa, nini kilijaribiwa kwanza. Mwananchi akikataliwa kwa vipimo anaweza kuvipinga kwa vipimo. Akikataliwa kwa ukimya hana pa kushika, naye atarudi na kelele, nanyi mtakuwa mmemfundisha kwamba kelele ndiyo lugha mnayoisikia.

La pili ni kurudi. Bati lililosimikwa leo linaweza kufunikwa na matawi kesho, na usiku lisiloakisi mwanga wa taa za gari ni kama halipo. Mstari wa kusimamia unafutika. Jengo jipya linaota kwenye kona iliyokuwa wazi, na aliyetoa kibali cha ujenzi hakuwahi kuongea na mhandisi wa barabara. Wekeni tarehe ya kurudi siku ile ile mnayotia sahihi, na mkirudi muwe tayari kubadili: ya kupisha iwe ya kusimama kama kona imezibwa, na ya kusimama iwe ya kupisha, au iondoke, kama sababu yake imeondoka. Kuondoa alama kunataka ujasiri, kwa sababu aliyeondoa atalaumiwa ajali yoyote itakayofuata hapo, ilhali aliyeweka isiyohitajika halaumiwi na mtu. Ndiyo maana naomba uamuzi wa kuondoa nao uandikwe kwa vipimo, watumiaji watangaziwe mapema, na mahali hapo paangaliwe kwa karibu katika miezi ya kwanza.

Mkihitaji pa kuanzia, chukueni orodha ya maombi yote ya alama za kusimama ambayo hayajajibiwa. Bila kufungua kumbukumbu za ajali, pelekeni mtu kila mahali akapime jambo moja tu: mita anazoziona dereva aliyeketi nyuma ya ukingo, kushoto na kulia, zikilinganishwa na mita zinazodaiwa na mwendo halisi wa barabara ile. Pale ambapo mita hazitoshi, msingoje faili lijae.

Wenu kwa heshima,
Mtumiaji wa barabara, kwa gari na kwa miguu